Kituoni kwetu alipata kura mbili, moja ilikuwa yangu

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wanaojiandaa kupiga kura mara ya kwanza, hapa Morogoro. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, pale nilipojirudia sana ndo nimekata.)

Asanteni, kaeni jamani, msinisimamie, mi sio mheshimiwa. Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Mwenyekiti wa mtaa nakuona pale nyuma karibu na mlango, usijifiche baba, najua umekuja kusikia ntasema nini.

Mi nauza mitumba, nguo za watoto, miaka mingi sasa, na kuna watu humu ndani nimewavalisha mkiwa bado mnatambaa, sa hivi mmeota ndevu mnaniita mamaa. Sina kadi ya chama chochote, sijawahi kuwa nayo, na leo sijaja kumpigia mtu debe. Dada aliyenialika aliniambia mama njoo uwaambie vijana wewe rais ulimchaguaje mwaka 2015, maana mtaa mzima unajua hiyo stori na mtaa mzima unaicheka, si bora uje uisimulie mwenyewe. Nikasema sawa. Na wale watatu ntakaowataja sana wote wameshatangulia mbele za haki, Mungu awapumzishe, kwa hiyo hata nikisifu au nikilaumu hakuna wa kunipa tisheti.

Mwaka ule wagombea urais walikuwa nane. Nane! Lakini ukitoka nje ya geti asubuhi unaulizwa swali moja tu, wewe Magu au Lowassa? Bodaboda anakuuliza, muuza maji anakuuliza, hata mtoto wa darasa la pili anakuja na ndoo kichwani anakuuliza. Huku watu wanaimba Hapa Kazi Tu, huku wenzao wanazungusha mikono kama refa anaita sabu, mabadiliko, mabadiliko. Ukijibu jina la tatu mtu anakuangalia kama umemwambia unahamia mwezini.

Mi nilimpa Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo.

Eeh, mnaona? Hata leo mmenyamaza. Kuna kijana hapa mbele amemuuliza mwenzie "nani?", nimekusikia mwanangu, wala usijali, hata 2015 walikuwa wanauliza hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke pekee kati ya wale nane. Mwanasheria, mtu wa Singida, mwenyekiti wa chama ambacho kilikuwa hakijafikisha hata miaka miwili. Kabla yake mwanamke aliyewahi kuingia kwenye karatasi ya urais wa nchi hii alikuwa mmoja, Anna Senkoro, mwaka 2005. Anna na Anna, sijui hilo jina lina nini.

Sa twende taratibu, maana watu wakisikia nilimpa mwanamke wanadhani basi ni hilo tu, mwanamke kampa mwanamke mwenzie. Hapana bana. Nilianza na wale wawili wakubwa kama kila mtu.

Magufuli karibu nimpe, nawaambia ukweli. CCM pale Dodoma mwezi wa saba walikuwa na watu zaidi ya thelathini wanautaka huo urais, majina makubwa makubwa, halafu akatoka yeye ambaye wengi hatukumfikiria, waziri wa ujenzi. Barabara alikuwa anazijua kwa kilomita, anakutajia kutoka hapa mpaka pale ni kilomita ngapi na pointi yake, hasomi popote. Mi nilikuwa naheshimu hilo. Na jukwaani anapiga pushapu, watu hoi. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, alikuwa kijani mpaka kandambili, kila jioni anapita kwangu, shem umeamua? Namwambia bado nasoma. Anasoma nini huyu, anacheka.

Na kweli nilikuwa nasoma. Kuna mteja wangu mwalimu aliniachia kitabu cha Katiba, kile kidogo, kama rehani ya gauni mbili za binti yake (gauni alilipa baadae, kitabu hakudai, ninacho mpaka leo). Nikafungua ibara ya 41. Pale inasema mgombea akishatangazwa na Tume kwamba amechaguliwa kuwa rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Nikasoma tena nikidhani nimeruka mstari. Na mshindi wala hahitaji kuvuka nusu ya kura, anahitaji tu kuwazidi wenzie mmoja mmoja, zamani ilikuwa lazima avuke nusu, wakabadilisha mwaka 2000. Basi mi nikakaa nikawaza, hiki kiti chenyewe kina nguvu hivi, halafu nimkalishe mtu ambaye sifa yake kubwa ni kwamba ana nguvu? Nani atamwambia mheshimiwa hapo umekosea? Sikuwa na ubaya nae kabisa. Nilikuwa naogopa kiti.

Shemeji nilipomwambia hivyo akasema wewe unafikiria sana kuliko mtaji wako. Haya.

Sa Lowassa. Baba watoto wangu alikuwa Lowassa kichwa mpaka miguu, na ndani ya nyumba ndo kulikuwa na vita yenyewe. Hoja yake ilikuwa moja na ina uzito, kwamba hawa jamaa wamekaa tangu uhuru, mtu yeyote anayeweza kuwatoa mpe, akishawatoa tutaongea. Na UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Lowassa, walikuwa na hoja ya Katiba ambayo nilikubaliana nayo, walitoka kwenye lile Bunge la Katiba mwaka 2014 wakisema rasimu ya Katiba mpya ya Jaji Warioba imechakachuliwa, mi niliona walikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini jamani, mi nauza nguo. Mteja wangu nikimwambia miaka saba nane kwamba ile nguo ina tobo, usiinunue, ina tobo, halafu asubuhi moja anakuta nimeitundika mbele kabisa kwenye hanga nzuri namwambia gredi A hii, chukua, mteja ana haki ya kuniuliza lile tobo limeenda wapi. Ndo nilivyojisikia. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwenye lile sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, mwenyewe siku zote alisema hana kosa, na mahakama haikuwahi kumtia hatiani, kwa hiyo mi sikumhukumu yeye. Niliowashangaa ni wale waliozunguka na majukwaa miaka yote hiyo wakimsema, halafu mwisho wa mwezi wa saba kaingia Chadema na baada ya siku chache ni mgombea, na sisi tunaambiwa imbeni. Dokta Slaa, katibu mkuu wa Chadema, akakaa pembeni. Profesa Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF. Wale wawili kwangu walikuwa ndo lebo ya nguo, na lebo imechanwa.

Baba watoto akasema wewe unataka malaika. Nikamwambia sitaki malaika, nataka mtu anieleze tobo.

Haya, sa kwa nini Anna.

Ntawaambia kitu cha mama yangu mzazi. Mama aliuza nyanya sokoni miaka zaidi ya thelathini. Kila siku ya Mungu anakuja mtu wa ushuru anakata kitiketi, kile kikaratasi chembamba, anampa. Mama alikuwa havitupi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu mkusanyaji mmoja alishawahi kumdai mara mbili kwa siku moja, basi tangu hapo akawa anavikunja kwa nne anaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likijaa anaanza lingine. Alipoacha biashara, magoti yamekataa, makopo yalikuwa manne chini ya kitanda. Siku moja namfagilia chumba nikalisukuma kopo moja likamwagika, vikaratasi hivyo vikatapakaa sakafuni, vya bluu, vya pinki, vya njano vimefifia mpaka maandishi huyaoni. Mama yuko kitandani anaangalia, akasema, "Hayo yote nimewalipa mimi. Sa hivi panadol naomba kwako."

Hakusema kwa uchungu, alisema kama anavyokuambia jana kulinyesha. Lakini mi pale chini na fagio yangu niliwaza, mwalimu ana pensheni, askari ana pensheni, mbunge ndo usiseme. Huyu aliyelipa kila siku miaka thelathini ana makopo manne.

Mwaka ule ule wa uchaguzi, niko kibandani redio inaongea, nasikia chama hiki kidogo kinasema habari ya hifadhi ya jamii, kwamba mkulima na mvuvi na mama wa sokoni nae awekwe kwenye mfumo, achangie kidogo kidogo, na serikali nayo ichangie, ili uzeeni awe na chake. Nikaongeza sauti. Mteja ananiuliza bei ya sweta namwambia subiri kwanza. Sikumbuki kama kuna siku nyingine kwenye kampeni zile nilisikia mtu anaongea kitu ambacho kinaingia moja kwa moja chini ya kitanda cha mama yangu. Barabara tumeahidiwa, maji tumeahidiwa, elimu tumeahidiwa, zote nzuri. Hii ya makopo ilikuwa ya kwanza.

Nikaanza kumfuatilia. Nikakuta mwezi wa sita walikaa Tabora wakatoa tamko lao, wakaliita Azimio la Tabora, wanasema wanalihuisha lile la Arusha la Mwalimu. Ndani yake kuna mambo ya maadili, viongozi wao watangaze mali zao hadharani, yaani mtu aseme mi nina nyumba hii na deni hili kabla hujampa. Sa hapo watu wazima humu mnacheka, mnajua maazimio ya nchi hii yanavyoishaga. Hata mi nilicheka. Ila nilicheka nikiwa nimeshaanza kumpenda.

Halafu ukaja mdahalo wa wagombea urais kwenye tivii, niliuangalia kwa jirani maana kwetu umeme ulikata. Wale wawili wakubwa hawakutokea. Sijui walishauriwa na nani. Wakaja wadogo wadogo, na yeye Anna akiwemo, anaongea taratibu kama mtu anakuelekeza njia, hafoki, hatukani. Jirani akasema hawa wanajisumbua tu, wenyewe hawapo. Mi nikasema hapo hapo, jamani, hata binti anayeomba kazi ya kuuza duka la dawa anaitwa aulizwe maswali, sembuse urais? Wewe hutaki kuulizwa kabla, nikishakupa ndo utakubali kuulizwa? Hiyo siku ndo niliamua. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba watoto, mi nimempata wa kwangu.

Akanyamaza kama dakika nzima. Halafu akasema neno ambalo nililisikia mara mia mpaka siku ya kura: "Unapoteza kura."

Sa hapa naomba mnisikilize vizuri kidogo, kwa sababu nyie ndo kizazi cha mikeka. Kila mtu ana simu, kila mtu ana mkeka wa wikiendi. Kwenye mkeka unatafuta nani atashinda, hujali kama timu inacheza vizuri au vibaya, unataka ilete hela. Na naona watu wengi wanaenda na akili hiyo hiyo kituoni, anataka aweke kwa mshindi ili jioni aseme mi nilijua. Sa umeshinda nini? Kura haina odi. Mshindi akitangazwa haji nyumbani kwako kukugawia. Niliwaambia hivyo wote wawili, mume na shemeji, na ndo mara ya kwanza nawaona wamekubaliana jambo mwaka ule, wote walisema nimechanganyikiwa.

Na ile nyingine ya kwamba ukimpa mdogo umemsaidia mkubwa fulani. Sawa, kuna nchi na kuna mwaka ambao hiyo ni kweli, sibishi, kura zikikaribiana inabidi ufikirie mara mbili. Lakini ya kwetu tuliiona. Jaji Lubuva, mwenyekiti wa Tume, alitangaza tarehe 29 Oktoba, Magufuli 8,882,935, Lowassa 6,072,848. Anna wangu alipata 98,763. Asilimia 0.65, yaani hata moja haijafika, na bado alishika namba tatu kitaifa! Sasa chukua zile zote 98,763, zote, na ya kwangu ikiwemo, mpe Lowassa. Bado wamepishana zaidi ya milioni mbili na laki saba. Baba watoto nilimpigia hiyo hesabu kwenye kikaratasi cha kufungia vitumbua, akakikunja akaweka mfukoni hakuongea. Na mjue kura zilizoharibika mwaka ule zilikuwa zaidi ya laki nne. Laki nne! Watu wamepanga foleni, wamepigwa jua, halafu wametia alama pasipostahili. Hao wangekuwa chama wangemzidi Anna mara nne. Kwa hiyo ukiniuliza nani alipoteza kura mi najua wa kumuonyesha, na wala si mimi.

Wengine waliniambia, eti mwanamke atakuwaje Amiri Jeshi Mkuu. Hili nalipita haraka maana Mungu mwenyewe alishalijibu. Wale waliokuwa wananiambia hivyo, shemeji akiwa namba moja, siku hiyo hiyo Oktoba 25 waliipigia kura karatasi ambayo mgombea mwenza wake ni mama Samia. Hawakumuangalia. Tarehe 17 Machi 2021 jioni ndo huyo huyo aliyekuja kwenye tivii kututangazia msiba wa Magufuli, na tarehe 19 akaapishwa. Shemeji alikuja kununua kaptula ya mtoto wiki ile, nikamwambia shem, kumbe na wewe ulichagua mwanamke. Alilipa bila kuomba kupunguziwa.

Siku yenyewe ya kura ilikuwa Jumapili. Niliamka saa tisa usiku nikachemsha chai ya wote, baba watoto tukatoka pamoja tukatengana kwenye foleni maana majina yake na yangu yalikuwa vyumba tofauti. Kituo ni shule ya msingi, chumba changu darasa la nne. Wanafungua saa moja asubuhi, saa kumi na moja alfajiri watu wameshajaa mpaka kwenye mti wa mwembe. Nyuma yangu kuna babu mmoja na mkongojo, anasema yeye amepiga kura tangu enzi za jembe na nyumba, na ile ya rais unapewa picha ya Mwalimu na kivuli cheusi, ukikataa unakipigia kivuli. Nikamuuliza kwa hiyo babu leo vipi, akasema leo sura ni nyingi, macho yangu ndo machache.

Ndani wanakupa karatasi tatu, rais, mbunge, diwani. Nilienda kwenye kile kiboksi cha kujificha nikaanza na ya diwani, sijui kwa nini, nadhani ya rais nilikuwa naiogopa. Nilipoifungua ya rais nikakuta hivi, tangu ule mdahalo nilikuwa na uhakika, lakini pale mkono ukasita kabisa. Zile sura mbili ninazozijua kwenye kila nguzo ya umeme zinaniangalia. Nikawaza labda baba watoto yuko sahihi, labda najifanya mjanja tu. Halafu, sijui kama mtanielewa, nikasikia harufu ya yale makopo, ile ya maziwa ya unga ya zamani iliyochanganyika na karatasi. Nikaweka tiki yangu. Nikakunja. Wakanipaka wino kidole kidogo cha kushoto, nikatoka. Kule nje watu wanabishana kama tukae mita mia mbili tulinde kura au turudi nyumbani. Mi nilirudi, nilikuwa na nguo za kufua.

Asubuhi yake nikarudi shuleni peke yangu. Niliambiwa matokeo ya kituo lazima yabandikwe nje, ile Fomu 21A. Kweli, iko ukutani, imebandikwa kwa gundi nyingi mpaka inavuja pembeni. Magufuli mia mbili na kitu, Lowassa mia na kitu. Nikashuka na kidole. Sifuri, sifuri, moja. Nikafika kwa Mghwira.

Mbili.

Imeandikwa kwa namba, na pembeni kwa maneno, mbili.

Nilisimama pale muda mrefu, mtu mwingine akija kusoma najifanya naangalia ya mbunge. Mjue kitu kimoja, chama chake hakikuwa hata na wakala kwenye chumba chetu, hakuna mtu aliyekaa pale kumlindia. Wangetaka kuifanya sifuri nani angepiga kelele? Mimi? Ningethibitishaje? Na bado wale walimu na vijana waliokesha wanahesabu kwa taa ya chemli waliifungua kura yangu, wakaisoma kwa sauti, wakaiandika. Sisemi kila kituo nchi hii kilikuwa hivyo, mi nasema ukuta niliousoma. Wenzetu Zanzibar na wao karatasi zao za rais wa kwao zilibandikwa ukutani, tarehe 28 mwenyekiti wa tume yao Jecha akatangaza uchaguzi wote wa kule umefutwa, wakarudia Machi 2016, wengine wakasusa. Kwa hiyo najua karatasi ya ukutani haitoshi. Lakini kama hujaenda kuisoma ya kituo chako usije kibandani kwangu kunisimulia walivyoiba au hawakuiba, maana wewe hujui, umetumiwa WhatsApp.

Haya, sehemu ya kuchekesha. Juni 2017 niko kwenye daladala nasikia taarifa ya habari, rais Magufuli amemteua Anna Mghwira kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Na mama kakubali. Baadae mwaka huo huo akahamia CCM. Aisee. Nilichekwa mpaka na konda, maana nilisema kwa sauti "hee!" Baba watoto alinisubiri mlangoni, hakusema kitu, alikuwa anazungusha mikono tu. Mi iliniuma, sidanganyi. Siku mbili nilikuwa namkasirikia kama mtu wa nyumbani aliyeondoka bila kuaga. Halafu nikajiuliza, nilimpa nini hasa? Nilimpa kura yangu ya tarehe 25 Oktoba 2015, kwa alichosema kabla ya tarehe 25 Oktoba 2015. Sikumuozesha binti. Alichofanya baada ya pale ni chake, nami ningepata nafasi ningemuuliza, mama, yale makopo umeyaacha wapi? Sikuipata. Alifariki Julai 2021 pale Arusha.

Na baba watoto nae hakucheka muda mrefu. Tarehe moja Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, yuko kwenye tivii. Nilimpikia wali siku hiyo, wa nazi. Nikamwekea mezani nikazungusha mikono.

Kijana aliyeinua mkono pale, uliza... Anasema je, ningejua atahama, bado ningempa? Swali zuri. Nadhani ndiyo, ila ningemdai zaidi. Makosa yangu mimi yalikuwa hapa, nilisikiliza redio, nikapenda, nikapiga, basi. Sikwenda hata ofisi ya chama chao ya wilaya kuuliza nyie hii hifadhi ya jamii mna hela yake mtaitoa wapi, asilimia ngapi nichangie mimi mwenye siku nauza na siku siuzi. Ningeuliza labda wangejikanyaga, labda wangenijibu vizuri. Nilimlaumu shemeji kwa kushabikia pushapu na mimi nilishabikia sentensi moja. Nzuri, lakini moja.

Mama yangu alifariki baadae. Makopo ninayo.

Sa limebaki hili la mwisho ambalo mpaka leo linanisumbua, kura mbili, moja yangu, ya pili ya nani? Mama hakujiandikisha chumba kile. Baba watoto nilishamuuliza mpaka kwa kiapo. Kuna mwalimu mstaafu wa kona ile alikuwa ananisalimia kwa adabu sana baada ya uchaguzi, nikamshuku mwaka mzima, kumbe alikuwa anataka nimkopeshe mashuka. Nikamshuku yule babu wa mkongojo. Nikamshuku hata mwenyekiti, ndo maana nakuangalia hivyo baba, usikohoe. Mtu huyo alikaa foleni ile ile, akasikia kelele zile zile, akaingia kwenye kile kiboksi peke yake akafanya kama mimi, na tunapishana sokoni kila siku. Kama ni mmoja wenu humu, au ni bibi yako au mjomba wako, naombeni sana msije mkaniambia, maana nikishamjua itabidi kila akija nimuuzie kwa bei ya kununulia, na biashara yenyewe mnaiona.